Malkia wa Hatua Moja

Mjukuu wangu Kemunto akicheza gemu, yeye huwa kimya kuliko siku ya Sabato. Kinachosikika kwake ni vidole tu juu ya vibonye, kama mtu anayepukuchua mahindi makavu. Hedifoni iko masikioni, macho yameganda kwenye kioo, mdomo umefungwa. Wenzake anaocheza nao, vijana wa Nairobi na wa nchi ambazo mimi sitazifikia, wanapiga kelele humo ndani hata mimi niliyeketi kwenye kochi nikipasua maharagwe nawasikia. Yeye hajibu.

Likizo iliyopita nilimuuliza mbona haongei na wenzake.

"Nimezima maiki, Shosho," akasema bila kugeuka. "Wakijua mimi ni dem watanitusi tu. Wataniambia nirudi jikoni."

Nikavaa miwani nikasogea. Juu ya kichwa cha mtu wake, pale kwenye kioo, paliandikwa jina: Brayo. Mtoto niliyempa jina la mama yangu mzazi anajiita Brayo ili aruhusiwe kucheza kwa amani. Nikawatazama na mashujaa wenyewe. Wanaume walikuwa wamevaa vyuma hadi puani. Kisha akapita mwanamke, anapigana kwenye theluji, amevaa vitambaa viwili ambavyo havingetosha hata kufungia chumvi. Nikauliza kama huyo hasikii baridi. Kemunto akacheka, akaniambia ndivyo walivyomtengeneza, na ndivyo wanunuzi wanavyompenda.

Ndivyo wanunuzi wanavyompenda. Maneno hayo niliwahi kuyasikia nikiwa mtoto, na nilipoyasikia tena nilinusa, hapo hapo sebuleni, harufu ya jiwe la sabuni lililolowa maji. Ni harufu ya vumbi lililonyeshewa, na ndani yake mna kitu kama majivu. Aliyekulia Tabaka, kijiji chetu cha wachonga mawe, haisahau. Nikayaacha maharagwe. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe haikuwa ya siku hiyo.

Kwetu kila mlima una jiwe tumboni. Ni jiwe laini, lingine jeupe, lingine la waridi, na unalichonga kwa kisu kama muhogo. Baba yangu alikuwa mchongaji, na kaka yake, Baba Mkubwa Onsongo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kibanda chote. Wanaume walichonga, wanawake walisugua. Hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Baba Mkubwa alisema tu kwamba jiwe likiguswa kwa kisu na mwanamke hupasuka, na kwa kuwa hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kujaribu, maneno yake yalisimama. Lakini mawe hayo hayo yalitoka machimboni migongoni mwa wanawake, kupanda ule mteremko, na sikuwahi kusikia limepasuka lolote kwa kubebwa na Kerubo, mke wa Baba Mkubwa mwenyewe.

Mama yangu, Kemunto wa kwanza, alikaa na wanawake wenzake mbele ya makarai ya maji, msasa mkononi, akisugua sanamu hadi ziteleze kama samaki. Kazi ya mwisho ilikuwa yake peke yake: kusawazisha kitako. Alikuwa na bamba la saruji alilolitandaza chini, na kila sanamu aliipitisha pale, akiizungusha na kuisukuma, hadi isimame bila kuyumba. Huku akiimba wimbo wa kanisani kwa pua. Mama hakuwa msemaji. Watu walimsifu kwa hilo, na mimi, nitawaambia ukweli, nilikuwa sioni sifa yake ni ipi.

Miaka ya sabini ikiwa bado michanga, nami nikiwa darasa la sita, alikuja mnunuzi wetu wa Nairobi, Bwana Njoroge, na gari lake la Pijo lenye vumbi hadi kwenye vioo. Kwa kawaida aliagiza viboko, twiga na visahani vya kuzimia sigara. Safari hiyo alifungua boksi la mbao akapanga juu ya meza ya Baba vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Ilikuwa chesi, ule mchezo ambao wengine huuita sataranji.

"Hii ndio mfalme," akasema, akishika kile kirefu kabisa. "Hii inafuata ni malkia, bibi yake. Hizi ndogo ni askari. Lakini sitaki ya kizungu, watalii wako na hizo kwao. Nataka ya Kiafrika. Mfalme akuwe mzee na fimbo. Bibi akuwe mama wa Kiafrika. Tunaelewana?"

Baba Mkubwa alielewa upesi mno. Alimchukua yule malkia wa mbao akamsimamisha kando ya mfalme, akaona mabega yao karibu yanalingana, akatikisa kichwa. Mke, alisema, hawezi kulingana na mumewe mbele ya wageni. Basi mfalme akamchonga mrefu, amevaa joho, fimbo mkononi, na chini ya joho vidole vya miguu vimetokeza, kumi, vilivyochongwa kwa ustadi hadi kucha zinaonekana. Alivipenda vidole vile. Askofu wa kizungu alimgeuza mganga, na ngome akaigeuza kibanda cha nyasi. Malkia akamchonga amepiga magoti, kichwa kimeinama, mtungi wa maji juu. Alikuwa mfupi kuliko hata askari.

Nawauliza ninyi mnaonisoma: huo mchezo ni vita. Wafalme wawili wanapigana. Mama wa watu amepiga magoti katikati ya vita anamtekea nani maji?

Bwana Njoroge aliporudi kuchukua mzigo, sisi watoto tulikuwa tunafunga vipande kwa majani makavu ya mgomba. Kwa kuwa kazi haikuwa imekwisha, alimwita kaka yangu Mokua akamfundisha mchezo kupoteza wakati. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale, majani magotini, na kila alichomwambia Mokua kiliingia masikioni mwangu bila kulipiwa. Mfalme huenda hatua moja moja kama mtu mwenye baridi yabisi. Malkia huenda atakako. Mbele, nyuma, kando, mshazari, ubao mzima, na akimkuta adui humla. Hakuna mwingine katika mchezo ule mwenye nguvu kama yeye. Mikono yangu ikasimama.

"Kama anaweza kwenda kote," nikauliza, "mbona amepiga magoti?"

Bwana Njoroge alicheka hadi akavua kofia. "Msichana, wanunuzi wanampenda hivyo. Hiyo ndio inatoka."

"Bosibori, funga majani," Baba akasema.

Nikafunga majani. Ila tangu siku hiyo kila malkia aliyepita mikononi mwangu nilimwona kama mtu aliyesingiziwa.

Vipande vilivyovunjika pembe au kupata ufa vilibaki nyumbani, na Mokua na wavulana wenzake wakavifanya vyao. Walichora miraba kwa makaa juu ya kifuniko cha boksi la chai, wakawa wanacheza kila jioni ng'ombe wakishafungwa. Sasa sikilizeni walichofanya. Walimtazama malkia, wakaona amepiga magoti na mtungi kichwani, wakakubaliana kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kukimbia. Atamwaga maji. Basi wakampa hatua moja, ya kwenda mbele tu, na wakamkataza kumla mwanamume.

Niliwaambia Bwana Njoroge hakusema hivyo. Mokua, aliyefundishwa na Bwana Njoroge mwenyewe, alinitazama bila haya.

"Bosibori, wewe angalia. Atasimamaje na mtungi?"

"Lakini ulisikia alivyosema."

"Nilisikia. Alikuwa anasema juu ya yule wa mbao. Huyu wetu ni mama wa nyumbani."

Mnaona? Kwanza walimpigisha magoti, kisha magoti yakawa ushahidi kwamba hawezi kwenda popote. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimefundisha shule tatu, nimekaa kwenye vikao vya wazee wa kanisa, na hila hiyo nimekutana nayo mara nyingi kuliko malaria. Lakini pale ndipo nilipoiona kwa mara ya kwanza, ikiwa ndogo ya kutosha kushikwa kwa vidole viwili.

Wenzake wasipokuwapo, Mokua alicheza nami. Nilimshinda mara kwa mara, na kila nikimshinda alinitaka nisimwambie mtu. Nilinyamaza. Nilikuwa nampenda kaka yangu, na tena nilikuwa nataka kucheza. Jioni moja lakini, mbele ya wavulana wote, nilishika ubishi wangu wa malkia hadi wakachoka nami, na Mokua akasema kwa kejeli, "Haya, tuletee malkia aliyesimama. Siku hiyo tutamwacha akimbie."

Walicheka wote. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimesikia ahadi.

Siku ya soko wanaume waliposhuka Ogembo, nilichukua kisu cha Baba kwenye paa la kibanda, nikaingia migombani na kipande cha jiwe jeupe. Nilingoja lipasuke. Nilikata kidogo, nikafumba macho, nikafumbua. Jiwe lilikuwa kimya likinitazama. Nikakata tena. Ilinichukua siku za soko kadhaa, maana nilikuwa naficha kazi yangu ndani ya shina la mgomba uliooza kila niliposikia sauti. Nilimtengeneza amesimama wima, hana mtungi, mkono mmoja kiunoni kama Kerubo akimngoja mtu aliyeazima jembe lake. Miguu nilimpa minene, miguu ya kupanda mlima na mawe mgongoni. Nilitaka asipatikane mtu wa kusema haiwezi.

Nilimsimamisha ubaoni mbele yao. Mokua akamwokota, akamgeuza huku na huku, akapapasa miguu kwa kidole gumba. Alikuwa na makosa mengi kaka yangu, lakini ahadi yake ilikuwa ahadi.

"Huyu ana miguu," akasema. "Aende."

Akaenda. Sina namna ya kuwaeleza furaha ile. Alivuka ubao mzima kwa mkupuo mmoja akamla mganga, akageuka mshazari akala kibanda, na wale wavulana waliokuwa wakimcheka wakawa wameinuka wote, wanapiga makofi, wanabishana nani aazimwe malkia baada ya hapo. Mchezo wenyewe ulikuwa umepata uhai. Ule wa zamani ulikuwa wa wazee wanaosukumana. Mimi nilikuwa nimechuchumaa katikati yao na hakuna aliyenifukuza.

Kelele ndizo zilizomleta Baba Mkubwa.

Alinyoosha mkono akamchukua malkia wangu. Akamtazama kwa muda, kwa jicho la mchongaji, akimgeuza kwenye mwanga.

"Nani amechonga?"

"Ni mimi, Baba Mkubwa."

Alimwita Baba yangu atoke kibandani. "Ndugu yangu, binti yako ameshika kisu." Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa sifa au hukumu: "Na mkono wake si mbaya."

Kama ningekuwa nimeharibu, nadhani angecheka na kunirudishia. Alichukua msumeno mdogo wa kukatia vitako, akamlaza malkia wangu juu ya gogo, akamkata miguu. Jiwe la sabuni halipigi kelele likikatwa. Unga mweupe ulidondoka juu ya viatu vyake vya matairi. Akamsimamisha tena kwenye ubao, sasa amefika mapajani tu, akamwambia Mokua, "Haya, chezeni. Amepiga magoti kama wenzake."

Nilimtazama Baba. Alikuwa anaangalia vidole vyake mwenyewe vya miguu. Nikamtazama Mama, na huyu ndiye niliyemngoja. Alikuwa ameinuka kutoka kwenye karai, anapangusa mikono kwenye leso. Alikuja polepole, akainama, akaokota ile miguu miwili iliyokatwa, akaipuliza unga, akaifunga kwenye pindo la leso yake. Nikasubiri aseme neno.

"Bosibori," akasema, "chukua mtungi uende mtoni."

Nilichukua mtungi. Nikautia kichwani, kama yule mwanamke wa jiwe, nikateremka huku machozi yanaingia mdomoni. Yule aliyenikata alikuwa Baba Mkubwa, lakini aliyeniuma alikuwa Mama.

Tangu hapo nilipigwa marufuku kibandani. Sikufunga tena majani, sikusogelea makarai. Nilipewa chai ya kuchuma na maji ya kuteka. Wavulana walirudia sheria yao ya hatua moja kana kwamba ile jioni haikuwapo, na Mokua alikuwa akinikwepa macho. Kwa mbali nilikuwa nasikia msasa na ule wimbo wa puani, na wimbo wenyewe ulinichukiza.

Mvua zilipokwisha, Bwana Njoroge alikuja amenuna. Nilimsikia nikiwa nje ya ua, kikapu cha chai mgongoni.

"Mzee Onsongo, mfalme yako imekuwa mfupi. Imelingana na mganga. Wateja wananiuliza mfalme ni gani."

Baba Mkubwa alikana. Alisema amechonga kwa kipimo kile kile. Mzigo uliofuata alichonga wafalme warefu zaidi, na bado malalamiko yakaja: mfalme amepungua. Baba Mkubwa akaishutumu mvua. Baadaye akalishutumu jiwe, akatangaza kibandani kote kwamba jiwe la shimo la juu hunywea likikauka, na wachongaji wakahamia shimo la chini, ambako wanawake walilazimika kupandisha mawe mteremko mrefu zaidi. Mwishowe Bwana Njoroge alichoka, akarudia twiga na viboko, na chesi ikaisha kwetu. Ile habari ya jiwe kunywea ikabaki. Mpaka leo utawasikia wazee wakiwaonya vijana juu yake.

Mimi nilikua nikaenda zangu. Nilisoma, nikafundisha, nikaolewa, nikazaa. Mama nilimtunza kama binti anavyopaswa kumtunza mama, lakini palikuwa na kitu kati yetu ambacho hakikuyeyuka. Kila nilipokasirishwa na jambo naye akanyamaza, nilimwona tena ameinama anaokota mawe. Tulimzika bila mimi kumuuliza kwa nini hakusema neno siku ile.

Baada ya mazishi yale, mwaka mmoja hivi, nilialikwa chakula na mwalimu mwenzangu mstaafu kule Kiogoro. Kwenye kabati lake la vioo palikuwa na chesi ya jiwe la sabuni aliyoinunua Nairobi ujanani. Niliujua mkono wa Baba Mkubwa kabla sijaketi. Makunyanzi ya paji la uso wa mfalme yalikuwa yake, na malkia alikuwa pale pale chini na mtungi wake. Niliomba nimshike mfalme.

Nilitafuta vidole vya miguu. Havikuwapo. Joho lilishuka likaishia hewani. Ncha ya fimbo nayo haikuwapo, imeishia sambamba na joho, na kitako kilikuwa kimesawazishwa laini, laini ajabu, hakina hata mwanzo wa kuyumba. Nikamgeuza mfalme wa upande wa pili, wa jiwe la waridi. Naye hana miguu. Nikabaki nimemshika kifudifudi mkononi, na mwenyeji wangu akaniuliza kama napenda chai ya maziwa au ya rangi.

Vipande vikitoka kwa Mama vilifungwa majani na kuingia boksini. Hakuna mchongaji aliyevitazama tena. Mama alikuwa amewachukua wafalme wao mmoja baada ya mwingine, akawaweka kwenye bamba lake la saruji, akawasugua vidole, kucha, nyayo na vifundo, mzigo hadi mzigo, huku akimwimbia Bwana. Na Baba Mkubwa alipozidisha urefu, naye akazidisha kusugua. Mwanamke yule niliyedhani alikubali.

Nililia pale kwa watu kwa furaha. Lakini tulipofika kwenye chai nilikuwa nimeshakasirika upya, na hasira hii haijaniacha. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sawa. Ila mshindo wa mama yangu ulinifikia akiwa ameshalala kaburini, na Baba Mkubwa alikufa akiamini kosa lilikuwa la jiwe. Wale wanawake walibeba mawe mlima mrefu zaidi kwa sababu hiyo. Mama alishinda na hakuna aliyejua kwamba ameshinda, hata mimi, ambaye ushindi ulikuwa wangu.

Haya yote nilimweleza Kemunto siku ile ya likizo, naye kwa mara ya kwanza aliiondoa hedifoni masikioni akaiweka mezani. Alipomaliza kusikiliza aliniuliza swali moja tu, lile lile nililopaswa kumuuliza mwenye jina lake.

"Kwa nini hakuwaambia tu?"

Nilisema sijui. Nilisema labda aliogopa angenyang'anywa hata msasa.

Akafikiri kidogo, akaurudia mchezo wake. Nikaona anafuta lile jina la Brayo, herufi moja moja, anaandika lake. Kisha akabonyeza mahali, taa ndogo ya kijani ya maiki ikawaka, akasema, "Niko. Naitwa Kemunto." Hakupita muda kabla ya kijana wa kwanza kumtukana, nilimsikia hadi kwenye kochi. Mtoto akanitazama. Nikalisukuma bakuli la maharagwe kando, nikavuta kiti changu hadi kando ya chake, nikamwambia acheze.